Kanyagio Katika Chumba cha Mifupa

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi, mwaka elfu mbili na kumi na tisa, saa nne kasorobo asubuhi, mshonaji mmoja aliyejulikana mtaani kwa jina la Mama Vifungo alipanda ngazi nne za mbao zisizoelekea popote, akazishuka, na akaambiwa kwamba amepona.

Ngazi hizo zilisimama katikati ya ukumbi wa mazoezi wa chuo cha tiba ya viungo. Upande mmoja zilipanda, upande wa pili zilishuka, na juu palikuwa na ubao mdogo ambapo mtu hujikuta ameinuliwa juu ya vichwa vya wenzake bila sababu yoyote. Mapazia meupe ya ukumbi yalijaa upepo na kutulia, yakajaa na kutulia, kana kwamba nyumba nzima ilikuwa ikipumua usingizini. Kila alipofika pale juu, Mama Vifungo alihisi kwamba akikosea kuweka mguu hataanguka, bali ataelea.

"Hongera, mama!" alisema mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyemhudumia tangu kiharusi kilipomlegeza upande wa kulia. Wenzake walimwita Dada Pembe, maana kipimo cha kupimia pembe za viungo hakikumtoka mfukoni hata wakati wa kula. "Ngazi nne, na hukushika chuma hata mara moja. Alama zote."

"Alama zangu au zako?"

"Zetu sote, mama."

"Basi zangu nifungie kwenye karatasi, niende nazo nyumbani."

Dada Pembe alicheka, akapiga magoti na kuweka kipimo chake kwenye kifundo cha mguu wa kulia. "Hata kifundo kimefika nyuzi kumi na tano."

"Mwanangu, nyuzi ninazozijua mimi ni za kushonea. Na hizo, mguu huu bado haujanipa hata moja."

Kipimo kilisimama hewani. "Za kushonea?"

"Mimi ni mshonaji. Miaka thelathini na mmoja, cherehani ya kukanyaga."

Dada Pembe alifungua jalada na kupitisha kidole hadi kwenye mstari wa tatu. Mtu fulani alikuwa ameandika kwa wino wa buluu: *Kazi: hana.* Siku ile Mama Vifungo alipoletwa, ulimi wake ulikuwa mzito kama gunia la mchanga, na mumewe alikuwa nje akifunga baiskeli kwa mnyororo. Mwenye kalamu hakungoja.

"Na nyumbani kwenu kuna ngazi ngapi?" aliuliza Dada Pembe, kwa sauti ndogo.

"Hakuna hata moja. Nyumba yetu imelala chini kama kuku anayeatamia."

Walitazamana. Kwa miezi mitano, kila Jumanne na Ijumaa, mwanamke asiye na ngazi nyumbani alikuwa amefundishwa kupanda ngazi, kwa kuwa mtihani wa mwaka wa pili ulikuwa na ngazi ndani yake, nao mtihani ulitoka kwenye mtaala, na mtaala ulikuwa umefungwa kabatini.

"Mama, nilitamani kuuliza mambo mengi. Lakini fomu haina nafasi hiyo, na tukizidisha dakika tano tunapunguziwa alama." Alikunja uso kama anayemeza dawa chungu. "Sasa orodha yako ya mazoezi imejaa. Ijumaa ndiyo siku yako ya mwisho."

Ndipo Mkuu wa Idara, mama mrefu mwenye miwani ya kuning'inia, alipowajia akitabasamu. Chuo kilikuwa kinaandika mtaala mpya, alisema, na keshokutwa, Alhamisi, kamati ingekutana kwa mara ya mwisho. Wangependa mgonjwa mmoja aliyepona aje kutoa neno la shukrani.

"Unajua kusoma, mama?"

"Ninajifunza. Nina mwaka wa nne sasa katika kisomo cha watu wazima," alisema Mama Vifungo, akanyoosha mgongo. "Nipe hicho kitabu chenu nikisome kwanza. Siwezi kushukuru kitu nisichokijua."

Mkuu wa Idara alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, alimletea nakala ya mtaala uliokuwa ukitumika, yenye kurasa tisini na sita.

*

Alasiri ile Mama Vifungo alijilaza, na usingizi wa mchana ukamchukua kule ulikozoea kumpeleka. Katika ndoto zake mguu haukuwahi kuugua. Kanyagio lilipanda na kushuka lenyewe, na kitambaa cha rangi ya maji kilipita chini ya sindano, kikatoka dirishani, kikavuka paa la jirani, kikaendelea hadi mahali ambapo mawingu nayo yalikuwa na mishono. Watu wasio na nyuso walishika pindo na kumwambia ashone, ashone tu, wao watapokea. Aliamka jasho likimtoka kwenye nyayo, na cherehani ilikuwa palepale chini ya kitambaa chake cha kuifunikia, kimya kama mgeni aliyeudhika.

Alikuwa ameijaribu mara nyingi. Kila mara gurudumu lilikwenda kinyumenyume, uzi ukajisokota na kukatika. Mumewe, ambaye alikuwa fundi baiskeli, aliamini kwamba kila kisichozunguka kinahitaji mafuta, na alikuwa ameitia cherehani mafuta mara tatu.

"Mke wangu, niongeze kidogo pale kwenye ekseli?"

"Baba, ukiongeza tena, hiyo cherehani itatutorokea kwa utelezi. Hebu nishikie karatasi hizi."

Walikaa mezani, yeye akisoma kwa kidole, mumewe akimenya machungwa kwa mikono iliyonukia grisi licha ya sabuni. Katika ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, yalikuwepo maneno matatu ambayo chuo kiliyaita tunu zake: *Utu. Usikivu. Ushirikiano na mgonjwa.* Mama Vifungo aliyasoma mara mbili kwa raha, kama mtu aonjaye asali. Kisha akaingia ndani ya kitabu kuyatafuta. Maneno mengi hakuyaelewa, lakini jedwali alilielewa, kwa kuwa jedwali ni kama kielelezo cha nguo: kila kipande kimeandikwa ukubwa wake. Maumbile ya mwili, saa mia moja na themanini. Mwendo wa viungo, saa mia moja na ishirini. Tiba ya joto na umeme, saa tisini. Vipimo na kumbukumbu, saa sitini.

Alisoma Jumanne hadi chai ya jioni. Alisoma Jumatano yote, akisimama tu kunyoosha mguu. Mumewe alipomuuliza anatafuta nini, alimjibu: "Natafuta watu watatu niliotambulishwa mlangoni, kisha nikaingia ndani nisiwaone."

*

Chumba cha mkutano kilikuwa na meza ndefu iliyong'aa kiasi kwamba waliokaa walionekana mara mbili, wima na kichwa chini. Mkuu wa Idara alikaa mwanzoni. Wajumbe watatu walikuwa na kompyuta zao. Dada Pembe alikuwepo kama mwakilishi wa wanafunzi. Mwishoni kabisa aliketi mwalimu wa maumbile ya mwili, mzee mkavu mwenye nywele nyeupe, ambaye hata wajumbe wenzake walimwita Profesa Mifupa. Alisemekana kuwajua binadamu wote kwa ndani na kutomjua hata mmoja kwa nje.

Mama Vifungo alisimama. Sauti yake ilianza mbali, kana kwamba ilitoka kwenye ile taswira yake iliyopinduliwa mezani.

"Waheshimiwa, nimeitwa nishukuru, nami nashukuru. Nilikuja nikiwa nimebebwa, leo nimekuja kwa miguu. Lakini mwalimu wetu wa kisomo hutuambia kwamba barua njema ni ile ambayo neno lililotajwa mwanzo hufanya kazi katikati. Hapa mwanzo mmetaja maneno matatu. Nimeyafuata kwa kidole hiki kurasa tisini na sita. Naomba niwasomee nilichokiona."

Akasoma jedwali. Alisoma polepole, neno kwa neno na saa kwa saa, bila kuruka mstari, na hakuna aliyemkatiza, kwa sababu wote waliijua karatasi ile kwa moyo na miaka ilikuwa imepita bila hata mmoja wao kuisikia. Alipofika mwisho alisema: "Usikivu haukupewa hata saa moja. Sasa mimi nauliza kama mwanafunzi kwa walimu: anayejifunza humu, kusikiliza anajifunza siku gani?"

Mmoja wa wajumbe alikohoa. Mkuu wa Idara alivua miwani. Yeye alikuwa na pendekezo lake la saa arobaini za kuwatembelea wagonjwa majumbani na kazini, na pendekezo hilo lilikuwa limekwama kwa mtu mmoja. Wote wakamgeukia mtu huyo.

"Mama," alisema Profesa Mifupa, bila ukali, "usikivu haufundishwi kwa saa. Mtu huja nao kutoka kwao, au haji nao."

"Profesa, nilipokuwa msichana niliambiwa hivyohivyo kuhusu kusoma. Nilianza nikiwa na miaka hamsini na mbili. Kumbe kilichokosekana kilikuwa saa, na mtu wa kukaa nami katika hizo saa."

Dada Pembe aliinamia daftari lake ili asionekane anatabasamu. Profesa Mifupa hakutabasamu, lakini aliusogeza mwenyewe mtungi wa maji upande wa Mama Vifungo.

"Hilo nalipokea. Na wewe pokea langu. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi na mwenzangu aliyependwa na wagonjwa wote. Aliwauliza habari za watoto, za mazao, za ndoto zao. Siku moja alimnyanyua bibi mmoja kwa upole kabisa, akiwa hajui mfupa wa nyonga unavyokaa kwa mtu wa umri ule. Nilisikia ulivyovunjika. Kila mwaka natoa mtihani, na kila mwaka nausikia. Saa arobaini za Mkuu zitakatwa kwangu, maana hakuna pengine pa kukata. Upole usiojua ni hatari, mama."

Mama Vifungo alikuwa amekuja akiwa tayari kumpinga, na sasa aliona kwamba mzee yule alikuwa anamlinda mtu, bibi ambaye hakuwepo. Kwenye kioo cha meza mwanga wa dirisha ulitetemeka kama kitambaa cha hariri kinachonyooshwa kabla ya kukatwa, na akajikuta anautazama kwa jicho la kazi yake.

"Kitambaa kisipotosha," alisema hatimaye, "fundi mjinga hupunguza mkono wa nguo, na mteja anabaki na kiganja nje. Fundi mzoefu hakati kwanza. Anakigeuza kielelezo juu ya kitambaa, mshazari, kinyume, mpaka kienee. Msikate saa za mzee huyu. Zigeuzeni. Afundishe kifundo chake chote, lakini akifundishe pale mtu anapokuwa kazini."

"Kazi ipi?"

"Yangu mimi ni cherehani."

"Cherehani itaingiaje katika somo la maumbile?"

"Kwa mlango, Profesa."

Kicheko kilizunguka meza, na hata picha za kichwa chini zilicheka. Profesa Mifupa alisubiri kitulie.

"Kesho saa tatu ninafundisha kifundo. Ilete. Ikinifundisha jambo moja nisilolijua, nitatia sahihi. Isiponifundisha, mtaala ubaki ulivyo."

"Na ukibaki ulivyo," alisema Mkuu wa Idara, akimtazama Mama Vifungo kwa huruma, "orodha inasema umemaliza. Sitakuwa na uwezo wa kukurudisha."

*

Ijumaa asubuhi cherehani ilisafiri kwenye kitoroli kilichofungwa nyuma ya baiskeli. Mumewe alisukuma, Mama Vifungo akatembea kando ameshika meza yake isiyumbe, na watu wa njiani waliwapisha kama wanavyowapisha bwana na bibi harusi.

"Mkihama, hameni na vitanda pia!" alipaza sauti muuza magazeti.

"Tunampeleka mgonjwa wetu hospitali," mumewe alijibu. "Anakohoa uzi."

Chumba cha mifupa kilikuwa baridi na cheupe. Viunzi viwili vya mifupa vilining'inia pembeni vikiyumba kidogo kila mlango ulipofunguliwa, kama wageni waliosinzia msibani. Wanafunzi ishirini na wanne walisimama kuizunguka cherehani, na miongoni mwao Dada Pembe alikuwa ameshikilia kipimo chake kwa mikono miwili.

Mama Vifungo alikaa. Aliuinua mguu wa kulia, akauweka kwenye kanyagio kama alivyofundishwa: inua, shusha, inua, shusha. Gurudumu lilistuka, likaenda kinyumenyume, uzi ukajiviringa na kukatika. Akatunga uzi upya. Ukakatika. Mara ya tatu hakusikia kukatika kwenyewe. Alisikia kimya cha watu wanaomwonea mtu aibu. Nje ya mduara, mumewe aligusa kichupa cha mafuta mfukoni, akakiacha.

"Misuli ya kuinua, mizuri," alisema Profesa Mifupa, akiwageukia wanafunzi. "Ya kushusha, mizuri. Vipimo vya pembe, mnavyo. Kwa elimu yetu, mguu huu unaweza. Kwa nini basi hauwezi?"

Mzee mwenyewe hakuwa na jibu, na hilo lilimkera. Alivua koti, akapiga magoti, na magoti yake yakalia kwa sauti iliyofika hadi nyuma.

"Mifupa imejibu," alinong'ona mtu, na kicheko kikamezwa.

Aliushika mguu ule kwa mikono yote miwili, kidole gumba juu ya mshipa wa kisigino, viganja vikilikumbatia shavu la mguu. Alimwambia akanyage tena, akafumba macho. Kisha, pale chini sakafuni, akauliza swali ambalo halikuwa katika kurasa tisini na sita.

"Mama, zamani, kabla ya ugonjwa, ulikuwa unaanza na nini? Kisigino au vidole?"

Mama Vifungo alifumba macho pia. Swali lilimshukia kana kwamba ameitwa kwa jina lake la utotoni. Akajiona amekaa kwenye kile kitambaa cha rangi ya maji, kikimpeleka nyuma miaka mitano, kumi, thelathini, hadi asubuhi yake ya kwanza ya kazi. Aliutazama mguu wake wa wakati ule. Haukuanza na kisigino. Haukuanza na vidole.

"Sikuanza na mguu," alisema taratibu, akishangaa maneno yake mwenyewe. "Mkono wa kulia hulisukuma gurudumu kwanza, lije mbele. Mguu husubiri. Ukihisi kanyagio linashuka lenyewe, ndipo unalifuata. Mguu hauanzishi kitu, Profesa. Mguu huitikia."

"Na mbona leo hukutumia mkono?"

"Kwa sababu miezi mitano nimefundishwa mguu peke yake: inua, shusha. Nikasahau kwamba ulikuwa na mwenzake. Na mimi mwenyewe sikuwahi kulisema hili kwa mtu. Jambo usiloulizwa, hata wewe mwenyewe hulijui kuwa unalijua."

Mzee hakuinuka. "Sukuma gurudumu," alisema.

Mkono wa kulia, ambao ulikuwa umerudi mapema kuliko mguu na sasa uliweza kushika penseli, ulipanda juu ya gurudumu na kulivuta mbele. Kanyagio lilishuka. Mikononi mwa Profesa Mifupa mguu ulisita, kisha msuli wa nyuma, ambao kila siku ulikuwa umejikaza kwa amri, ulilegea wenyewe. Sindano ikashuka. Ikapanda. Sauti ile, taka-taka, taka-taka, ikajaza chumba, na viunzi vya mifupa vikayumba kidogo ingawa mlango haukufunguliwa.

Mishono saba. Wa nane ulikwenda kinyume, uzi ukakatika.

Hakuna aliyeona aibu safari hii. Mama Vifungo aliitazama ile mishono saba, miwili imepinda, na machozi yakamtoka bila kelele. "Baba," alimwita mumewe, "njoo uone. Na hicho kichupa kibaki hukohuko mfukoni."

Profesa Mifupa aliinuka kwa kushikilia meza ya cherehani. "Andikeni," aliwaambia wanafunzi. "Nimefundisha kuinua, na nimefundisha kushusha. Kulegea kwa kuitikia sijakufundisha, kwa kuwa katika mguu wa maiti hakupo, na katika mguu wa plastiki hakupo. Ningesoma miaka mingine thelathini nisingekuona." Akamtazama Mkuu wa Idara aliyesimama mlangoni. "Leta karatasi. Saa zangu mia moja na themanini hazipungui hata moja. Ila arobaini kati yake nitazifundisha penye kazi za watu, na nitauliza mimi kwanza, ili wasikie swali linavyoulizwa. Na huyu mama bado ni mgonjwa wetu. Aliyesema amepona alikuwa anapima kitu kingine."

Alitia sahihi hapohapo, juu ya meza ya cherehani.

Kisha akawaamuru wanafunzi wakae mmoja mmoja wakanyage. Wote, wenye miguu mizima ya ujana, waliipeleka kinyumenyume, wakakata uzi, wakaapa kwamba cherehani ni mbovu. Dada Pembe aliukata mara nne.

"Usiuamrishe mguu," Mama Vifungo alimwambia, akiuweka mkono wa binti yule juu ya gurudumu na wake juu yake. "Anzisha kwa mkono, halafu sikiliza kwa mguu. Taratibu, mwanangu. Tuna saa."

Wewe uliyeifuata habari hii hadi hapa, usiifungie sandukuni kama nguo ya sikukuu. Pengine unamjua mtu anayefundisha, au anayeuguza, au anayejaza fomu kwa wino wa buluu mgonjwa akiwa hawezi kusema. Msomee. Na kama hajui kusoma, kaa naye saa moja.